Tuzo Isiyo Yangu

Watu wa Kisauni wakisimulia kisa hiki hukosea mahali pamoja. Husema nilipiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Sauti yangu ndiyo hii hii, hata nikiomba chumvi kwa jirani mtaa mzima wajua kwa Salme chumvi imekwisha. Basi na nisimulie mwenyewe, maana wao walikuwapo, lakini hakuna kati yao aliyeitiwa jina lake bure siku ile.

Mwaka wa themanini na tisa nilikuwa nafanya kazi Likoni, kwenye mradi wa visima. Mradi ulikuwa wa chuo kikuu kimoja cha Marekani. Walipanga nyumba kwenye njia ya Mtongwe, wakaitia meza, feni na Profesa Harlan, mtu mrefu, pua imebambuka kwa jua, Kiswahili chake amekisoma kitabuni na akikisema polepole kama anayepanga sahani za watu. Kazi yao ilikuwa kupima maji ya visima na kutia pampu za mkono pale maji yalipo matamu. Kazi yangu ilikuwa kwenda nao majumbani, kuzungumza na kina mama, kufasiri, na kuwaambia wanafunzi wao wavae nguo. Mume wangu alikuwa ameniacha, akaondoka na kitanda na kabati la vioo, akaniachia mamangu mzee na jina langu. Kitanda nilinunua kingine. Jina halinunuliwi, kwa hivyo nililichunga.

Pampu zilifika bandarini Kilindini kabla ya Ramadhani, zikakaa. Ili zitoke bila ushuru ilitakikana barua ya idara moja ya serikali, na barua ile ilitaka sahihi ya Bwana Ghalib, mkubwa wa pale. Ukienda kwake, utakaribishwa kiti, utaulizwa hali ya mama, utaletewa soda. Barua je? "Inshallah kesho." Kesho ikifika, karatasi iko kwa karani. Karani naye yuko mazikoni. Ramadhani ikaisha, tukala Idi, tukafika mwezi wa Mfunguo Tatu, pampu zi palepale.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikikutana na kina mama. Kulikuwa na Kahaso, mwenyekiti wao kule Mtongwe, mama wa Kigiriama mwenye mdomo kunishinda hata mimi. Kila akiniona yuwaniuliza, "Salme we, hizo pampu zaja kwa miguu kutoka Marekani?" Wenziwe wacheka, mimi nacheka nao, lakini moyoni naona haya. Kisima chao kilikuwa cha maji ya chumvi, chai yake hainyweki, na maji ya mkokoteni hawayamudu.

Alhamisi moja Profesa akaniita ofisini akafunga mlango. Ndani alikuwamo Stambuli, meneja wetu. Stambuli ni mtoto wa ami yangu, na ndiye aliyeniingiza kazi ile, na wallahi hakuna wiki iliyopita bila kunikumbusha.

"Salme," akasema Profesa, "wewe umealikwa harusi ya binti wa Bwana Ghalib."

"Nimealikwa na mamake. Mimi na Mwanarehema tumekalia mkeka mmoja madrasa. Kwani kuna nini?"

Stambuli akatoa bahasha ya kaki kwenye mtoto wa meza, imevimba, akaiweka mbele yangu. "Jumamosi ni kupamba. Tima ataketishwa kitini, wanawake watamtuza. Wewe utamtuza hii. Kazi yako imekwisha hapo."

Kwetu tuzo haifichwi. Biarusi akisha kuketishwa, somo wake, yule aliyemfunda, husimama na maikrofoni, akataja kila kilicholetwa na aliyekileta, awe ameleta sufuria au bangili ya dhahabu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mtu huenda nyumbani kwake jina lake limesikika. Kwa hivyo nikashangaa.

"Hongo mwataka itangazwe kwa spika?"

"Hapo ndipo penye akili," Stambuli akasema, na kwa kweli alikuwa amefurahi na nafsi yake. "Hongo hufichwa. Hii itapigiwa vigelegele. Nani ataiita hongo? Na Ghalib akisikia ni Salme wa mradi wa maji, atafahamu. Si mtoto."

"Amekwambia ataka kitu?"

"Mtu mzima hasemi, Salme. Aliniuliza tu kama na sisi twaja harusini."

"Aliniuliza na mimi! Amemuuliza hata muuza magazeti mlangoni kwake. Ni harusi!"

Profesa akainua mkono. Akasema chuo chao kina kanuni, na nchi yao ina sheria, na zote zakataza mfanyakazi wa chuo kumpa kitu afisa wa nchi ngeni. Sote tulisomewa kanuni zile siku ya kuajiriwa, tukatia sahihi. "Lakini biarusi si afisa," akasema. "Na wewe ni rafiki wa mamake. Ni mila zenu. Mimi naheshimu mila."

"Nchi ngeni ni ipi, Profesa?"

"Kenya."

"Yaani Ghalib, aliyezaliwa Kisauni, babake kazikwa Kisauni, ndiye mgeni?"

"Kwa sheria yetu, ndiyo."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mfanyakazi wa chuo."

"Basi sheria yanishika na mimi."

Akamtazama Stambuli, Stambuli akatazama feni. Nikaona mchezo wote hapo. Mambo yakienda sawa, pampu zimetoka na Profesa ni shujaa. Yakiharibika, ni nani aliyetoa? Ni Salme. Nani alisikika kwa spika? Ni Salme. Wao hata kwa wanawake hawakuingia, ni wanaume, wangeingiaje?

"Ng'o!" nikasema. "Sitoi."

"Usilete kiburi," Stambuli akasema. "Kahaso na wenziwe wanywe maji ya chumvi kwa ajili yako wewe?"

Hiyo ilinichoma, sikatai. Nilikaa nikaitazama ile bahasha, nikamuona Kahaso na ndoo yake. Shetani naye hajui kupumzika. Profesa, kwa upole kabisa, akaniambia kwamba pampu zisipotoka mwezi huu chuo kitafunga mradi, na mradi ukifungwa hakuna haja ya mkalimani. Nifikiri hadi Jumamosi.

"Nimeshafikiri," nikasema, nikainuka. "Mwataka kumpa Ghalib, mpeni kwa mikono yenu. Wangu ni wa kunilisha mimi na mamangu."

Nilidhani yamekwisha. Lo, mimi na ujinga wangu!

Jumamosi nikavuka feri na doti mbili za leso na kichupa cha mafuta ya kunukia ya halud nilichonunua sokoni Markiti. Kisauni nyumba ya Ghalib ilikuwa imejaa. Ua wa nyuma ulizungushwa maturubai, huko ni wanawake watupu, na upande wa mbele, barazani na njiani, walikaa wanaume na kahawa zao. Mwanarehema alinipokea mlangoni, jasho lamtoka, sauti imemkauka kwa kukaribisha, akanikumbatia. "Shoga yangu, leo nimechoka mpaka mifupa, lakini nafurahi." Nami nilifurahi naye. Nataka mfahamu hilo. Sikwenda kuharibu harusi ya mtu.

Tima aliletwa amefunikwa, akaketishwa, akafunuliwa. Mashaallah! Hina mpaka kwenye viwiko, asumini kichwani, macho kayainamisha kama apasavyo. Somo wake akashika maikrofoni akaanza. Fulani katoa seti ya vikombe. Fulani katoa mkufu. Akafika kwangu: "Salme wa Khamis, leso doti mbili na mafuta ya halud!" Vigelegele vikapigwa, nikatabasamu, nikaketi nikala biriani yangu.

Nina mfupa mkononi, nasikia tena: "Na Salme wa Khamis, wa mradi wa maji Likoni, bado hajatosheka na mwanawe! Yuwatuza tena! Bahasha, wanawake, bahasha nono!"

Vigelegele vikapasua turubai. Wanawake wakanigeukia, wengine wanipiga bega, mmoja aniambia, "Kumbe Wamarekani walipa!" Nikatazama jukwaani. Somo kaishika bahasha ya kaki juu, ile ile, na chini yake mke wa Stambuli arudi kitini ameinamisha kichwa, hanitazami.

Kwa hivyo nilikataa, nao wakalichukua jina langu wakaenda nalo. Nilihisi damu yanipanda mpaka masikioni. Ningekaa pale nikatabasamu, ingekuwa yangu. Baadaye hakuna mtu ambaye angeniamini, maana nilisikika nikitoa na nikapokea vigelegele. Na desturi yetu ndiyo hiyo, tuzo ikishatajwa haikanwi. Hakuna aliyewahi kusimama akasema, "Si yangu." Ni kumdhalilisha biarusi, ni kumvunjia mamake heshima, ni kukosa adabu kusiko na jina.

Nikasimama.

"Somo," nikasema, "hiyo si yangu."

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja akadhani nafanya unyenyekevu, akacheka. Nikasema tena, kwa sauti yangu ile ile ya kuombea chumvi: "Tima mwanangu, Mungu akupe heri na mumeo. Leso ni zangu na halud ni yangu, nimenunua kwa jasho langu, zivae uone raha. Bahasha hiyo si yangu. Ni ya wakubwa wangu wa Likoni. Waliniletea Alhamisi nikuletee wewe, ili babako atie sahihi pampu zitoke bandarini. Nilikataa. Leo wameileta kwa mkono mwingine na wakaipa jina langu. Nasema mbele yenu nyote, siitambui."

Somo akaishusha bahasha. Tima machozi yalimlenga, na hilo ndilo pekee linaloniuma mpaka leo, maana yule mtoto hakumkosea mtu.

Mwanarehema alikuja mbele yangu. "Salme. Leo? Siku ya mwanangu?"

"Siku wamechagua wao, shoga yangu. Si mimi."

"Ungeniita kando ukaniambia!"

"Wameniita kwa spika. Ningejibu kando, nani angesikia?"

Akamnyang'anya somo bahasha, akanisukumia kifuani. "Toa uchafu huu nyumbani mwangu. Na wewe utoke nao."

Basi nikatoka nao. Lakini sikutoka kwa mlango wa nyuma. Nilijifunga buibui langu vizuri, nikapita ndani ya nyumba, nikatokea barazani kwa wanaume. Mwanamke hapiti pale siku kama ile, najua, msinifundishe. Bwana Ghalib alikuwa ameketi katikati na kanzu yake mpya, na ubavuni mwake, niambieni nani? Stambuli, kikombe cha kahawa mkononi.

Ghalib aliitazama bahasha kabla ya kunitazama mimi. Mpaka hapo sikuwa na hakika naye. Hapo nikajua.

"Shikamooni," nikasema. Wazee wakaitikia kwa mshangao. "Sikuja kukaa. Stambuli, hii bahasha yako imepotea njia, imefika kwa wanawake. Uliitaka imfikie Bwana Ghalib. Huyu hapa, umemgusa bega. Mpe."

Nikamwekea mapajani.

"Salme, una wazimu?" akasema kwa sauti ndogo.

"Mpe! Unaogopa nini? Si mila? Si tuzo? Mila haina haya, mtoto wa ami. Mpe mkononi, wazee waone, tupige vigelegele sote."

Hakumpa. Kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagikia kanzu yake. Ghalib naye alikuwa amegeuza uso kabisa, anatazama mtaa kama anayengoja gari, na wazee wote wanamtazama yeye. "Huyu mwanamke aondoshwe," akasema. Hakuna aliyeinuka kuniondosha. Nikaondoka mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka kituoni.

Jumapili mamangu alifungua mlango akakuta msichana kaleta mfuko. Ndani zilikuwamo leso zangu, doti zote mbili, hazijakatwa, na kile kichupa. Hakukuwa na salamu. Nililia, sioni haya kusema. Nimemjua Mwanarehema tangu hatujaota meno ya mbele. Mamangu akaniuliza, "Ungeweza kufanya vingine?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nawa uso." Hakuongeza neno.

Sasa sikilizeni mji ulivyo. Jumatatu mchana habari ilikuwa Kongowea sokoni, hamali walikuwa wakiisimulia juu ya mikokoteni, na ikifika Kongowea imefika kila mahali. Ghalib akienda msikitini aulizwa, "Zile pampu za watu zimetoka?" Akienda kinyozi aulizwa. Angekaa na barua siku moja zaidi, ingekuwa amesema kwa mdomo wake kwamba yuwangoja bahasha. Jumanne tarishi akaileta, imetiwa sahihi na muhuri. Alhamisi lori likavuka feri likaingia Mtongwe na pampu zote.

Kahaso na wenziwe walikuwa njiani wakicheza, mabuti ya wanaume miguuni, wakishusha masanduku wenyewe hawataki msaada. Mimi nilikuwa nao, jasho na vumbi, nimesahau dunia. Profesa akaniita ndani.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa amefurahi kikweli, macho yamemlowa. "Asante sana, Salme. Nilijua utafanya jambo la busara. Bahasha imefanya kazi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Imefanya nini?"

"Stambuli ameniambia uliitoa, kimya kimya, hakuna mtu aliyejua."

Kisauni yote, Kongowea yote, mpaka hamali na punda zao wanajua, na huyu mtu mwenye shahada hana habari. Nani angemwambia? Yeye huzungumza na sisi wawili tu. Nikamgeukia Stambuli, aliyekuwa ameketi pembeni amebana mkoba wake.

"Toa," nikamwambia.

"Salme, tafadhali. Sisi ni ndugu."

"Ndugu wangu hawaniibii jina. Toa!"

Akatoa. Bahasha ilikuwa imechanwa juu na imesinyaa. Profesa aliitazama, akaitazama tena, uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Umeiba!" akamwambia Stambuli. "Hizi ni pesa za chuo! Wewe ni mwizi!"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka Kahaso akachungulia dirishani. "Profesa, wamkasirikia kwa kuiba hongo? Ungetaka aifikishe?"

Akaketi. Nikamweleza yote, neno kwa neno, turubai, somo, baraza, leso zilizorudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya kile ambacho sikukitarajia, na ndicho kilichoniudhi kuliko vyote. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi ni vizuri," akasema. "Hakuna kilichotolewa. Kanuni haikuvunjwa. Stambuli ataondoka, mkataba wako utaendelea, nitakuongeza mshahara. Tuyaache hapa, sisi watatu."

"Watatu? Watu wote wanajua ila chuo chenu."

"Chuo hakina haja ya kujua."

"Siku mtu akiwapelekea habari, watasikia nini? Watasikia mwanamke wa Likoni alitajwa kwa spika akimtuza mtoto wa afisa. Hawatasikia alisimama. Jina langu liko huko nje katika habari hiyo, la kwako haliko."

"Salme, wakijua watafunga mradi."

"Wafunge. Pampu zishashuka. Waje wamnyang'anye Kahaso, tuone nani atarudi Marekani na meno yake."

"Na kazi yako? Mamako?"

Hapo aliniweza kidogo. Nilimfikiria mamangu, nikafikiria kodi, nikafikiria mlango gani mwingine Mombasa ungefunguliwa kwa mwanamke aliyeachwa, mwenye sauti kama yangu. Sikuona hata mmoja. Nje kina mama walikuwa wameanza kuimba.

"Mamangu ameniambia ninawe uso," nikasema. "Nimenawa. Inuka hapo, Profesa."

"Wataka nini?"

"Kiti chako. Kiingereza changu ni kibovu, lakini wakubwa wa chuo wataelewa."

Aliinuka. Sijui kwa nini aliinuka, pengine hajawahi kuambiwa vile na mtu yeyote. Nikaketi, nikavuta mashine ya kupiga chapa, nikatia karatasi. Sikuanza na tarehe wala na salamu. Nilianza na jina langu, Salme binti Khamis, mfanyakazi wa chuo, Likoni, nikaligonga herufi moja moja, kwa nguvu, mpaka Kahaso huko nje akauliza ni nani anayepigilia misumari.